Chuma cha Uji

Asubuhi hiyo ya Alhamisi mama alinituma kuchuna majani, ingawa sisi wote tulijua hakuna cha kuchuna. Michai ilikuwa imesimama. Wakati wa mvua, ukichuna leo, baada ya wiki moja hivi machipukizi yamerudi, laini na yenye kung'aa. Mwaka ule jua lilichoma mchana kutwa, na alfajiri sakitu, ule umande wa barafu, ikamalizia yale yaliyobaki, mpaka shamba likawa na rangi ya kutu. Nilipita mistari yetu yote na kikapu mgongoni. Niliporudi, majani hayakufunika hata kitako cha kikapu.

Mama aliangalia ndani, akacheka kidogo.

"Hii tukipeleka, mpimaji atafikiri tumekuja kumsalimia tu."

Tuliacha kikapu mlangoni tukaenda shuleni kupika uji. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka kama siku ya kawaida, kwa hiyo nimeanzia hapo.

Shule yetu ya msingi iko juu ya kilima, upande wa Bomet. Chini ya kilima kuna kijito, na ng'ambo ya kijito ni kwa majirani zetu Wakisii. Sisi ni Wakipsigis. Kijito hicho hakikuwahi kutuzuia. Watoto walivuka kwa mawe, mama zao walivuka na ndizi wakienda soko la Sotik, na sisi tulivuka kununua miwa. Lakini kiangazi kilipokaza, kijito kilikatika. Yalibaki madimbwi matatu tu, na ng'ombe wa pande zote mbili walikunywa hapo, zamu kwa zamu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kubaki nyumbani, kwa sababu sekondari ilitushinda. Mimi si mtu wa kuongea. Hata darasani, nilipojua jibu, nililiandika kwenye daftari nikangoja mwingine alitaje. Ndiyo maana niliipenda kazi ya uji. Sufuria haikuulizi kitu. Unakoroga na unanyamaza.

Uji ulianza mama na rafiki yake, Mama Kemunto, walipoona watoto wanalala juu ya madawati saa nne asubuhi. Mahindi yalikuwa yamekaukia shambani kabla ya kubeba, na ng'ombe walikuwa wamekatika maziwa. Mama alizunguka upande wetu akiomba unga wa wimbi. Mama Kemunto alizunguka upande wao. Wengine walitoa gorogoro nzima, mkebe wa kilo mbili, wengine walitoa kikombe. Kila mtoto alileta kijiti kimoja cha kuni na chombo chake cha kunywea. Shule ilipofungwa kwa likizo, mwalimu mkuu alituachia ufunguo wa jikoni, maana njaa haikufunga.

Nje ya jikoni, kwenye mti wa bulugamu, ilining'inia rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule. Sisi tuliiita chuma. Uji ulipoiva nilichukua nondo nikapiga mara tatu. Mlio wake ulishuka hadi ng'ambo ya kijito na kupanda hadi kituo cha kupimia majani. Lakini sijawahi kuona mtoto akingoja mara ya tatu. Nilipopiga ya kwanza walikuwa tayari wanakimbia. Nilipopiga ya tatu, wa mbele walikuwa wamefika jikoni, wakihema, vikombe juu.

Siku hiyo ya Alhamisi, Kemunto alichelewa. Alikuwa na miaka saba, umri mmoja na mdogo wangu Chemutai, na walikuwa hawaachani. Alifika sufuria ikiwa tupu. Alisimama na kikombe chake cha plastiki, cha kijani, kilichovunjika mkono. Hakulia. Mama alikwangua ukoko akamwekea, na Chemutai akammiminia nusu ya uji wake.

"Ulikuwa wapi?" Mama Kemunto alimuuliza.

"Kwa choo."

Wanawake walicheka.

"Kwa hivyo choo inaweza kuhama? Sikia, wewe. Ukisikia chuma, hata kama uko kwa choo, inuka ukimbie. Choo utairudia."

"Mwache mtoto," mama alisema. "Ni hizo ndizi zenu zinamfungia tumbo."

"Ndizi! Nyinyi watu wa kuweka makaa kwa maziwa ndio mnaongea juu ya tumbo?"

Walikuwa wakitaniana hivyo kila siku, mama juu ya ndizi zao, Mama Kemunto juu ya maziwa yetu ya kibuyu tunayotia unga wa makaa. Tangu siku ile Kemunto hakuchelewa tena. Na alipokuwa bado mbali, alikiinua kikombe juu ya kichwa ili nimwone, nisije nikammalizia uji.

Jumamosi, ng'ombe wanne wa upande wetu walipotea pale kwenye madimbwi. Vijana walifuata nyayo. Jumapili ng'ombe wa upande wao pia walipotea. Nani alianza, sitaandika, kwa sababu kila upande una jibu lake na nimeyasikia yote mawili. Jumatatu mwanamume mmoja wa kwetu alipatikana kando ya kijito amekufa. Jumanne alikufa mmoja wa kwao. Jumanne hiyo hiyo mwalimu mkuu alisema uji usimame mpaka mambo yatulie, watoto wakae majumbani.

Jioni wanaume walikutana katika darasa la sita. Mama alinituma niwapelekee strungi, maana maziwa ya kutia kwenye chai hayakuwepo. Nilikuwa nikizunguka na birika kati ya madawati. Walikuwa wakipanga namna ya kuitana tukivamiwa.

"Nduru haitoshi," alisema Kibet, binamu yangu, aliyekuwa amechaguliwa kuongoza walinzi. "Upepo ukienda kule, watu wa juu hawasikii kitu."

"Tutumie chuma ya shule," mwingine alisema. "Hiyo hata kiziwi anasikia."

"Chuma ya uji?" Watu walicheka. "Tutaitwa vitani na chuma ya uji?"

"Uji si ni mara tatu? Basi vita iwe bila kuhesabu. Inapigwa tu mpaka watu wafike."

Walikubaliana. Hakuna aliyepinga. Lilikuwa wazo zuri, na walikuwa na haraka.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Kibet, birika mkononi. Nilikuwa na sentensi moja, na ilikuwa fupi: watoto hawahesabu. Niliwajua wanaume wale wote. Wengi wao walikuwa na watoto waliokunywa uji wetu. Lakini wao walikuwa mashambani saa ile nilipopiga chuma. Hawakuwahi kuona watoto wanavyokimbia. Mimi peke yangu katika chumba kile ndiye niliyeona kila siku.

Nilifungua mdomo. Kibet aligeuka.

"Kuna nini, Chelangat?"

Wote walinitazama. Nilihisi uso ukiwaka.

"Kuna chai ingine," nilisema.

Alinyoosha kikombe, nikammiminia.

Alhamisi asubuhi mama alisema unga uliobaki jikoni ugawanywe, kila nyumba ipike kwake. Alinipa magunia mawili matupu na gorogoro ya kupimia.

"Ya Mama Kemunto uweke kando," alisema. "Gorogoro mbili. Nitatafuta njia ya kumfikishia."

Chemutai alitaka kuja nami. Nilimkataza. Alikaa mlangoni amekasirika, kikombe chake mapajani. Ilikuwa siku ya pili watoto hawajasikia chuma, na tangu asubuhi alikuwa akiniuliza kama nitapiga.

Shule ilikuwa kimya. Kibet alikuwa amekaa juu ya tangi la maji lililokauka, akiangalia bondeni, upinde magotini. Tulisalimiana. Niliingia jikoni nikaanza kupima. Nilipima ya Mama Kemunto kwanza, nikafunga mdomo wa gunia kwa sisali.

Nilisikia Kibet akiruka chini.

"Wanapanda!" alipiga kelele. "Chelangat, piga chuma!"

Nilitoka. Bondeni, kati ya michai, niliona vichwa. Walikuwa wengi. Hawakuwa wakikimbia. Walikuwa wakipanda taratibu, wameachana, na hilo lilinitisha zaidi.

"Piga!"

Nilichukua nondo nikapiga.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sikusimama. Mikono ilikufa ganzi na masikio yalijaa mlio. Wanaume wetu walianza kutokea kwenye njia za juu, mmoja, wawili, kisha kundi, na mishale na mapanga. Walinipita wakishuka. Hakuna aliyeniangalia.

Halafu niliona mtoto.

Alitokea njia ya kituo cha majani, mvulana wa darasa la kwanza, na mkebe mkononi. Nyuma yake wawili. Nyuma yao dada mkubwa na mtoto mgongoni. Walikuwa wakicheka, kama kawaida, wakishindana nani atatangulia.

Niliacha kupiga.

"Endelea!" Kibet alipiga kelele kutoka chini. "Wa juu bado hawajafika!"

Nilitupa nondo. Niliwashika niliowafikia nikawasukuma ndani ya jikoni. Chemutai alikuja. Nilimvuta kwa gauni nikamlaza chini, nyuma ya gunia. Aliuliza, "Uji uko wapi?"

Nilimwambia asiinuke. Nilitoka tena.

Mawe yalikuwa yameanza kurushwa chini kwenye uwanja. Mishale pia. Mshale hauna sauti ukiwa mbali. Unaona tu mtu akikwepa.

Kisha nikamwona Kemunto.

Alikuwa amepanda njia ya kijito, ile ya siku zote. Alikuwa tayari katikati ya uwanja. Wanaume walikuwa mbele yake na nyuma yake, na alikuwa akipita kati yao kama mtu anayepita kati ya ng'ombe dimbwini, haangalii huku wala huku. Alikuwa akiangalia bulugamu. Alikuwa akiniangalia mimi.

Niliita. Sauti haikutoka.

Alikiinua kikombe juu ya kichwa ili nimwone.

Kisha akakaa chini.

Nilifikiri amechoka. Ndivyo nilivyofikiri kweli, kwa muda mfupi sana, kwamba amekimbia kilima chote na amechoka.

Nilipomfikia alikuwa bado na macho wazi. Mshale ulikuwa umeingia chini ya mbavu. Ulitoka upinde gani, hakuna anayejua. Mishale ya pande mbili inafanana, tunanunua vyuma vyake soko moja.

Nilimbeba hadi jikoni. Hakuwa mzito. Kiangazi kilikuwa kimemla kama kilivyotula sisi sote. Nilimlaza juu ya gunia la unga, na Chemutai alimshika mkono, na watoto wengine walikaa kimya kabisa, vikombe vyao mikononi.

Nje kelele zilianza kupungua. Niliangalia mlangoni. Mama Kemunto alikuwa akivuka uwanja peke yake. Alikuwa amevua leso kichwani na ameishika mbele yake kwa mikono miwili. Hakukimbia. Wanaume wa kwao walikuwa wamesimama, na wa kwetu walikuwa wamesimama. Alipita katikati. Nadhani alikuwa amehesabu dakika tangu mtoto wake atoke mbio nyumbani na kikombe.

Aliingia jikoni, akapiga magoti.

Mama yangu alifika mara baada yake. Walimwinua pamoja, mmoja kichwani, mwingine miguuni, kama walivyozoea kuinua sufuria. Kibet alileta pikipiki. Walikaa wote watatu nyuma yake, wanawake wawili na mtoto katikati, wakaelekea hospitali ya Sotik. Kabla hawajaondoka, Mama Kemunto alitugeukia sisi tuliosimama pale.

"Nani aliita watoto?" aliuliza.

Kibet aliangalia tangi la pikipiki. Wanaume waliangalia chini. Mimi nilikuwa na jibu, na damu ya mtoto wake ilikuwa kwenye mikono yangu yote miwili, na sikusema.

Kemunto alikufa kabla ya kufika lami.

Askari walikuja mchana. Vita vile vilikwisha wiki ileile, kwa mikutano mingi na viapo. Mvua ilinyesha mwezi uliofuata, nzito, ya mawe, ikapasua hata majani machache yaliyokuwa yameanza kurudi. Wanaume wanne walikufa kwa jumla, wawili wa kwetu na wawili wa kwao, na majina yao hutajwa kila kunapokuwa na mkutano wa amani. Jina la Kemunto sijawahi kusikia likitajwa. Kwetu hatajwi kwa sababu alikuwa wa kwao. Kwao, nadhani, hatajwi kwa sababu alifia kwetu, akikimbilia uji, na hiyo si habari ambayo mtu anajua aiseme vipi.

Mama yake hakuvuka tena kijito; akienda soko la Sotik alizunguka na barabara. Zile gorogoro mbili za unga zilikaa nyumbani kwetu zimefungwa kwa sisali mpaka zikaingia wadudu. Mama hakuruhusu zipikwe wala zitupwe. Chemutai aliacha kukimbia. Hata leo, akiwa na miaka kumi na mbili, akiitwa anakuja kwa miguu yake taratibu, na hakuna mtu nyumbani anayemharakisha.

Mimi nilibaki na sentensi yangu. Nilijaribu kuiambia mama mara moja, tukichuna. Alisema, "Wewe uliambiwa upige, ukapiga." Nikajua hajaelewa. Sikuwa nikizungumzia kupiga. Nilikuwa nikizungumzia birika, na uso wangu kuwaka, na chai niliyomimina.

Mwaka huu mwanzoni nilienda Sotik kutafuta mbegu ya sukuma wiki. Nilipita upande wa ndizi, nikamwona Mama Kemunto. Amezeeka kuliko mama, ingawa ni rika moja. Alinitambua kabla sijaamua kama nitageuka.

"Chelangat. Umekuwa mrefu."

"Shikamoo, mama."

Aliniuliza hali ya mama, hali ya Chemutai. Nilijibu. Kisha nilisimama tu pale. Wateja walikuwa wakipita. Alianza kupanga ndizi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Mama," nilisema, "mimi ndiye nilipiga chuma."

"Najua. Hiyo watu wote wanajua."

"Kuna ingine hujui."

Nikamwambia. Mkutano wa darasa la sita, Kibet alivyogeuka, sentensi yenye maneno mawili. Niliongea vibaya, nikirudia, nikianza katikati. Sikuwa nimewahi kuongea muda mrefu hivyo na mtu. Alisikiliza akiwa ameshika chane moja la ndizi, na hakuliweka chini mpaka nilipomaliza.

"Ungesema, wangekusikia?" aliuliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Alifukuza nzi kwenye ndizi. "Mimi nilimwambia hata akiwa kwa choo akimbie. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Tukacheka."

"Ndiyo."

Mteja alikuja, akauliza ndizi, akaondoka bila kununua.

"Alikuwa ameinua kikombe?" aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ndiyo. Nilimwona."

Alitikisa kichwa akikubali, mara kadhaa. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Nimenyamaza mara nyingi kwa aibu, lakini mara hiyo haikuwa aibu. Nilijua tu kwamba swali hilo si langu kuuliza. Nilipokuwa nikiondoka alinipa chane lile alilokuwa ameshika, akasema nimpelekee Chemutai.

Kiangazi kimerudi. Michai imesimama tena, na tangu mwezi uliopita tunapika uji shuleni. Sasa mimi ndiye mkubwa wa jikoni, mama ananisaidia. Watoto wa ng'ambo wameanza kuvuka, wachache, wakija na mama zao. Rimu ilishushwa siku nyingi. Iko nyuma ya vyoo, nyasi zimeota katikati yake.

Uji ukiiva, naita kwa mdomo. Sauti yangu ni ndogo, haifiki mbali. Kwa hiyo natoka jikoni, nashuka hadi ukingo wa uwanja, nasema majina, moja moja, na wasiosikia nawafuata mpaka njia ya kijito. Nawaambia watembee. Inachukua muda. Wote wanapofika, uji umeshapoa kidogo juu, umefanya ngozi.

Wanaunywa hivyo hivyo.